Westlife walipotaka kusikika kama vijana wa leo

1/8

Kina baba mnaosoma huku mkijifanya mnaangalia matokeo ya mpira, karibuni tu, nawaona.

Kwenye mfululizo huu tumeshaongea kuhusu kelele za nyumbani na masikio ya watoto. Nikaahidi kwamba siku moja nitaleta muziki wenyewe. Basi leo nimeleta Westlife. Msicheke, nina hoja.

Swali langu ni hili: kundi la muziki likishakuwa kongwe, kisha likaamua kutoa albamu yenye mlio wa kisasa, linapata nini na linapoteza nini? Na mimi nesi wa wodi ya wazazi linanihusu nini?

Linanihusu sana. Kila wiki namwona mama mwenye sauti yake nzuri kabisa, mtoto akilia kidogo tu anatafuta simu. Anaiweka karibu na sikio la mtoto, anachagua wimbo, yeye mwenyewe anakaa kimya. Ukimuuliza mbona humwimbii, anakujibu: "Nesi, mimi sijui kuimba." Jamani! Nani kakwambia hujui? Hapo ndipo Westlife wanapoingia.

2/8

Kwa wale mliozaliwa juzi juzi, niwape historia kidogo.

Westlife ni vijana wa Ayalandi walioanza mwaka 1998. Walikuwa watano: Shane Filan, Mark Feehily, Kian Egan, Nicky Byrne na Brian McFadden, ambaye aliondoka mwaka 2004. Singo zao saba za mwanzo, moja baada ya nyingine, zote zilishika namba moja Uingereza.

Huku kwetu wala hatukuhitaji chati. Redio zilikuwa zinazipiga usiku kwenye vipindi vya salamu, na bwenini wasichana tulikuwa na madaftari ya nyimbo. Mnayakumbuka? Unasikiliza redio, unadaka mstari mmoja, unakimbilia kuandika. Wimbo ukirudiwa wiki ijayo unadaka mwingine. Kiingereza chenyewe cha kubahatisha, lakini mwisho wa muhula wimbo mzima umeshaingia kichwani na hautoki mpaka leo.

Nyimbo zile zilikuwa na mtindo unaojulikana. Wanaume wamekaa kwenye viti virefu, mmoja anaanza peke yake taratibu, wenzake wanaingia kwenye kiitikio, halafu karibu na mwisho wimbo unapandishwa ngazi moja juu na wote wanasimama. Watu waliwatania sana kwa hilo. Ilikuwa kama mapishi ya shule, ukishaijua Jumatatu unaijua na Jumatatu ijayo.

Lakini angalieni kitu kimoja. Ukiondoa vinanda, ukiondoa ngoma, wimbo unabaki umesimama. Ubeti una nafasi ya kuvuta pumzi. Kiitikio unakishika mara ya pili tu ukikisikia. Ndiyo maana msichana wa kidato cha pili aliweza kuibeba nyimbo hiyo kwenye daftari na koo lake, bila redio wala betri.

3/8

Sasa tuje kwenye albamu yenyewe.

Westlife kubadilisha nguo hawakuanza juzi. Mwaka 2004 walitoa *Allow Us to Be Frank*, wakarudi nyuma kabisa hadi nyimbo za enzi za Frank Sinatra, na suti zake. Baadaye, kwenye *Where We Are* ya 2009 na *Gravity* ya 2010, wakafanya kazi na maprodyuza wa Marekani kama Ryan Tedder na John Shanks ili wasikike wapya. Mwaka 2012 wakaaga mashabiki kwao Dublin, uwanja wa Croke Park, kila mtu akaenda na maisha yake.

Mwaka 2018 wakatangaza kurudi, wakiwa wanne. Januari 2019 wakatoa "Hello My Love", na Novemba mwaka huohuo ikatoka albamu yenyewe, *Spectrum*, yenye nyimbo 11. Ilishika namba moja Uingereza na Ayalandi.

Aliyeshika sufuria kwa sehemu kubwa ni prodyuza Steve Mac. Huyu si mgeni nyumbani hapo. Ndiye aliyeandika "Flying Without Wings" ya mwaka 1999 akishirikiana na Wayne Hector. Lakini pia ni mmoja wa walioandika "Shape of You" ya Ed Sheeran mwaka 2017, ule wimbo uliopigwa kila saluni na kila bajaji hadi ukataka kulia. Na Ed Sheeran mwenyewe akaingia kwenye *Spectrum* kama mwandishi wa nyimbo kadhaa, ukiwemo huo wa kwanza.

Hebu fikirieni. Mwaka 1999 Westlife wanatoa albamu yao ya kwanza, Ed Sheeran alikuwa mtoto wa miaka 8. Miaka 20 baadaye, kaka zake wanamwita awaandikie waimbe nini. Mimi hilo silioni kama aibu. Hata kwetu wodini nesi wa siku nyingi anajifunza mashine mpya kwa binti aliyemaliza chuo mwaka jana. Anayekataa kufundishwa na mdogo wake ndiye wa kuogopwa.

4/8

Kwa hiyo kusasisha mlio kwangu si tatizo. Tatizo ni pale unapoazima na mdomo wa mtu.

Sikilizeni "Hello My Love" kwa makini. Ni wimbo wa furaha, unachangamka, nyumbani kwangu ukipigwa watoto wanaruka kwenye kochi. Lakini beti zake zinaimbwa kwa mtindo wa Ed Sheeran: maneno mengi yamebanana kwenye nafasi ndogo, yanakimbizana, nusu kuimba nusu kusema. Ed mwenyewe akifanya hivyo inamkaa, maana ndivyo alivyojengwa, yeye na gitaa lake. Shane Filan akifanya hivyo namsikia Ed. Shane ana sauti ya kunyoosha neno moja hadi likuguse. Ukimpa maneno kumi ayameze haraka haraka, umemchukua mpishi wa pilau ukamweka kukaanga chipsi. Chipsi zitaiva, ndiyo. Lakini pilau yetu iko wapi?

Na Mark Feehily, mwenye ile sauti kubwa ya kupasua dari, kwenye nyimbo za kuchangamka za albamu hii mara nyingi sauti yake inafunikwa na mlio. Biti iko mbele, sauti zimepangwa nyuma yake, zimesafishwa hadi zinateleza. Uzuri wa kundi la sauti ni kuwatambua wenye sauti: huyu Shane, huyu Mark, hapo Kian kaingia. Ukifika mahali hujui nani anaimba, umebaki na mlio tu, na mlio mzuri unapatikana popote.

Nikajipa kipimo changu cha kinesi. Umeme umekatika. Simu imekufa. Saa nane usiku mtoto analia. Je, wimbo huu unaweza kuutoa mdomoni ukasimama wenyewe? "Hello My Love" unakwama kwenye ubeti. Ulimi unajikwaa, pumzi inakuishia, mwisho unabaki na kile kiitikio tu. Wimbo mwingine kwenye albamu, "Dance", ndio kabisa: bila biti ni kama mandazi bila hamira.

5/8

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa, maana albamu hii ina sehemu nimeipenda kweli.

"Better Man" nao umeandikwa na Ed Sheeran akiwemo. Mwandishi ni yuleyule, mlio umesafishwa kwa vifaa vilevile vya kisasa, lakini huu unawakaa kama kanzu iliyopimwa kwa fundi. Unatembea taratibu. Una nafasi za kupumua. Ni mwanaume mtu mzima anamwomba radhi mwenzake, na unamwamini, maana sauti ina umri. Vijana wa miaka 20 wasingeuweza hivyo.

"My Blood" pia. Ni wimbo wa kifamilia, na *Spectrum* ilipotoka wote wanne walikuwa tayari ni kina baba. Inasikika. Kuna uzito fulani unaingia kwenye sauti ya mtu akishawahi kukesha na mtoto mwenye homa. Hauwezi kuununua studio.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: *Spectrum* inafaulu pale upya ulipowasogelea wao, na inayumba pale wao walipoukimbilia upya. Kwenye "Better Man" prodyuza na mwandishi walijiuliza, hawa jamaa wana nini, tukivalishe vipi? Kwenye nyimbo zile nyingine inaonekana swali lilikuwa, siku hizi kinachouza ni nini, tuwavalishe hawa jamaa? Nguo zote mbili ni mpya. Ila moja imepimwa mwilini, nyingine imenunuliwa dirishani.

6/8

Sasa mama zangu, kwa nini nawachosha na wanaume wa Ayalandi?

Kwa sababu hili ndilo tunalolifanya na watoto wetu. Tumeambiwa kuna mama wa kisasa, na mama wa kisasa ana programu ya nyimbo za watoto, ana kaspika kadogo, ana mashine ya mlio wa mvua. Siyo mbaya. Lakini taratibu sauti yake mwenyewe anaiona ya kishamba.

Nawapa mambo machache ya kitaalamu, myashike.

Mtoto anaanza kusikia akiwa bado tumboni. Kuanzia karibu na mwezi wa sita wa ujauzito anaitikia sauti, na sauti anayoisikia kuliko zote ni ya mama, maana inamfikia kwa nje na kwa ndani, kupitia mwili wenyewe. Akizaliwa, siku za mwanzo kabisa, anaitofautisha sauti ya mama yake na ya mwanamke mwingine. Mimi hilo naliona kwa macho: mtoto analia mikononi mwangu, mama anaongea tu kutoka kitandani, mtoto anatulia anasikiliza. Mimi nesi wa miaka yote hiyo nimeshindwa, kaniona si lolote.

Tena mtoto mchanga anaona vizuri kwa umbali wa kama sentimita 20 hadi 30. Ni umbali uleule wa kutoka kwenye titi hadi kwenye uso wako. Kwa hiyo ukimwimbia huku umempakata, anapata sauti, uso, harufu na joto kwa pamoja. Simu inaweza kutoa kimoja tu kati ya hivyo.

Na wewe ukiimba unafanya kitu ambacho simu haiwezi: unamfuata mtoto. Akichangamka unapunguza mwendo, akianza kusinzia unashusha sauti, akishtuka unarudia mstari. Wimbo uliorekodiwa unaendelea na safari yake hata mtoto awe kwenye hali gani.

Mwaka huohuo wa 2019, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Kwa hiyo ile video ya katuni unayomwekea wa miezi saba ili ale uji, tuzungumze taratibu, sikugombezi.

7/8

Najua kuna atakayeniambia: "Nesi, muziki si bembelezo. Westlife hawakutoa albamu ili mama alaze mtoto. Watu wazima wana haki ya kucheza."

Kweli kabisa. Mimi mwenyewe nacheza. Jumamosi nafua na muziki juu, na "Hello My Love" huwa hauachwi. Nyimbo za kucheza zina kazi yake, tena mtoto wa miaka mitatu akicheza na wewe sebuleni ni mazoezi bora kuliko mdoli wowote utakaomnunulia. Sauti isizidi tu: kama inabidi upaze sauti ili usikike na mtu mliyesimama naye, kwa masikio ya mtoto ni kubwa mno.

Mwingine atasema, "Wangebaki na viti vyao virefu mngewaita wazee." Hilo nalo ni kweli. Kundi kongwe liko kwenye mtego: likibaki palepale, limechoka; likibadilika, limejisahau. Mama naye yuko kwenye mtego huohuo. Ukimlea mtoto kama bibi alivyofundisha, we mshamba. Ukifuata ya kwenye simu, umeacha mila.

Ndiyo maana nasema *Spectrum* inatufaa kama somo, na uzuri wake na kuyumba kwake. Mama anaweza kuwa wa kisasa na mtoto asipoteze sauti ya mama. Mpeleke kliniki, mpe chanjo zote kwa wakati, achana na dawa za kienyeji za kitovu, hapo uwe wa kisasa asilimia mia. Lakini ile bembelezo ya bibi yako ya Kisukuma, Kinyakyusa, Kidigo au Kimakonde, usiifute ili upakue nyingine. Hiyo ndiyo "Better Man" yako. Imepimwa mwilini mwako.

Na kama bembelezo za bibi hukuzikuta, mwimbie huo huo Westlife wa daftarini. Sijali. Mtoto wa wiki mbili hajui kwamba umekosea maneno ya Kiingereza, wala hajui kwamba umeshuka ufunguo. Anajua ni wewe.

Kina baba, hili ni lenu pia. Wanaume wanne wazima wamepata maisha yao kwa kuimba kwa sauti laini mbele ya maelfu ya watu, na wewe unaona haya kumwimbia mwanao chumbani umefunga mlango? Mama aliyejifungua juzi anahitaji kulala hata saa mbili mfululizo. Mchukue mtoto, tembea naye, imba chochote. Hata nyimbo za timu yako, ilimradi iwe taratibu na isiwe siku mmefungwa.

8/8

Nimalizie na tahadhari, maana mimi kwanza ni nesi.

Wimbo haupunguzi homa. Mtoto mchanga akiwa na joto kali au mwili wa baridi, akikataa kunyonya, akipumua kwa shida, akishtuka kwa degedege au akilegea, usimbembeleze nyumbani. Kituo cha afya, muda huohuo, hata kama ni usiku.

Mtoto ambaye hashtuki kabisa kwa kelele kubwa, au kufikia miezi sita bado hageuki kutafuta sauti inakotoka, mlete tumwangalie masikio. Mapema kunasaidia sana.

Na mama ambaye wiki mbili zimepita tangu ajifungue, hana hamu ya kuongea na mtoto wala kumwangalia, analia bila sababu au anahisi hafai, huyo si mvivu na hajarogwa. Anaumwa, na ugonjwa huo una tiba. Mleteni, au aje mwenyewe tukae tuongee. Usimwambie "imba utajisikia vizuri". Mshike mkono mje naye.

Kwa wengine wote, kazi ya wiki hii ni ndogo. Usiku mmoja tu, zima simu, mpakate mtoto, mwimbie wimbo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sauti yako. Kisha njoo uniandikie hapo chini: umeimba upi, na mtoto alifanyaje? Wenye madaftari ya nyimbo ambayo bado yapo kwenye masanduku kwa mama, tunataka picha.

Na mashabiki wa Westlife mnaotaka kunigombeza kwa ajili ya "Hello My Love", karibuni, ila naomba kwanza muuimbe ubeti wa kwanza bila simu mpaka mwisho. Mkimaliza salama, nitanyamaza.

Jumapili ijayo tunarudi kwenye uji: lini uanze, na usiweke nini. Usiku mwema, na msisahau neti.